Fuwele Zinazojenga Mfupa: Namna ya Kuziumba na Namna ya Kuzipima

Mfupa wa paja la kuku unatosha kuanzishia somo hili. Ulaze ndani ya siki kwa siku kadhaa, ukibadilisha siki mara kwa mara. Umbo lake litabaki lilelile, lakini utapindika mkononi bila kuvunjika. Chukua mfupa mwingine, uuchome kwenye moto mkali mpaka uwe mweupe kabisa. Huo nao utabaki na umbo lake, ila ukiuminya utamomonyoka. Siki imeyayeyusha madini ikaacha protini iitwayo kolajeni. Moto umeiunguza kolajeni ukaacha madini. Mfupa hai ni muungano wa hivyo viwili. Kwa uzito, madini ni kama asilimia 60 hadi 70, kolajeni na protini nyingine ni asilimia 20 hadi 30, na kinachobaki ni maji.

Madini hayo ni kauri, yaani kitu kigumu kisicho metali, chenye kustahimili moto na chenye tabia ya kuvunjika ghafla. Lakini kauri hii imeundwa kwa fuwele ndogo mno: vibamba vyenye urefu wa nanomita 50 hivi, upana wa nanomita 25 na unene wa nanomita 2 hadi 4. Ukiigawanya milimita moja katika sehemu milioni moja zilizo sawa, kila sehemu ni nanomita moja. Seli nyekundu ya damu ina kipenyo cha nanomita 7,500 hivi. Ingehitajika kubandikwa fuwele kama 2,500 za mfupa, moja juu ya nyingine, ili kufikia kipenyo hicho.

Tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakizitengeneza fuwele hizi kwa ajili ya tiba: kujaza pengo la mfupa uliopotea, kuvika viungo bandia vya nyonga, kukarabati meno. Katika kazi hiyo fomula ya kemia peke yake haimwambii mtengenezaji ana nini mkononi. Unga wa aina mbili wenye fomula ileile unaweza kufanya mambo mawili tofauti ndani ya mwili, kwa sababu ukubwa na umbo la fuwele ni sehemu ya tabia yake. Kwa hiyo kuziumba na kuzipima ni kazi moja, na anayefanya nusu yake hajafanya kitu. Tuione kazi hiyo hatua kwa hatua, tukianzia chini kabisa.

Madini yenyewe

Jina lake ni haidroksiapataiti, na fomula yake ni Ca10(PO4)6(OH)2. Tuisome polepole. Kuna ioni 10 za kalsiamu, kila moja ikiwa na chaji chanya 2. Jumla ni chanya 20. Kuna ioni 6 za fosfati, kila moja ikiwa na chaji hasi 3; jumla ni hasi 18. Kuna ioni 2 za haidroksidi, kila moja ikiwa na chaji hasi 1. Jumla ni hasi 2. Ishirini kwa ishirini: hesabu imefunga. Ukigawanya atomi 10 za kalsiamu kwa atomi 6 za fosforasi unapata 1.67. Ishike namba hiyo, maana ndiyo itakayotuonyesha baadaye kama mapishi yameharibika.

Fuwele yoyote ni mpangilio mmoja wa atomi unaojirudia pande zote. Sehemu ndogo kabisa inayojirudia tuiite kizio. Kizio cha haidroksiapataiti kina atomi 44. Kitako chake ni msambamba wenye pande za nanomita 0.942 na pembe ya digrii 120, na kimo chake ni nanomita 0.688. Ujazo wake, ukiupiga hesabu, ni nanomita 0.529 za ujazo. Tunajua pia kwamba moli moja ya fomula hii ina gramu 1,004.6, na moli moja ina vitu 6.022 × 10²³. Gawanya gramu kwa idadi hiyo upate uzito wa kizio kimoja, kisha gawanya uzito huo kwa ujazo wake. Jibu ni gramu 3.16 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na ndio msongamano unaopatikana ukiipima fuwele halisi kwa mizani. Mpangilio wa atomi usioonekana kwa macho umetupa namba inayogusika.

Sasa rudi kwenye kibamba cha mfupa chenye unene wa nanomita 3. Ndani yake kuna vizio kama 7,000, lakini kwa unene ni tabaka nne tu za vizio. Katika tabaka nne, mbili ziko nje. Yaani nusu ya vizio vyote vimo usoni, vinagusana moja kwa moja na maji, protini na seli.

Mwaka 1926 mtafiti W. F. de Jong alitumia eksirei kuonyesha kwamba madini ya mfupa yana mpangilio wa jamii ya apataiti, jamii ileile ya madini ya mwamba wa fosfati unaochimbwa Minjingu mkoani Manyara na ule wa Tororo nchini Uganda. Hata hivyo, apataiti ya mwili si safi. Ina kaboneti kama asilimia 4 hadi 8 ya uzito, na ina magnesi na sodiamu kidogo. Uchafu huo una kazi yake: unavuruga mpangilio na kuifanya fuwele iyeyuke kwa wepesi zaidi, na kwa sababu hiyo mwili unaweza kuubomoa mfupa wa zamani na kujenga mpya maisha yote.

Udogo unaleta nini

Bonge la sukari guru hukaa kinywani muda mrefu, ilhali uzito uleule ukisagwa huyeyuka mara moja. Sukari ni ileile; kilichoongezeka ni eneo la uso linaloguswa na mate. Tulipime jambo hilo kwa madini yetu. Mchemraba wa sentimita 1 una nyuso sita, jumla ya sentimita 6 za mraba. Uukate uwe michemraba yenye upande wa nanomita 10. Utapata michemraba 10¹⁸, na ukijumlisha nyuso zake zote utapata mita za mraba 600. Ni kipande kilekile cha gramu 3.16, ila sasa uso wake umekuwa mkubwa mara milioni.

Atomi iliyo ndani ya fuwele imezungukwa na wenzake pande zote, imetulia. Ile iliyo usoni imekosa majirani upande mmoja, kwa hiyo inatafuta cha kushika: molekuli ya maji, protini, dawa, ioni iliyo jirani. Watu wa Arusha na Nakuru wanaifahamu faida ya jambo hili hata kama hawalitaji kwa jina. Maji ya maeneo hayo yana floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa, na mojawapo ya njia za kuipunguza ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi katika kituo cha Ngurdoto na katika mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru. Sehemu kubwa ya mkaa huo ni haidroksiapataiti, na floraidi hunaswa kwenye uso wa fuwele zake na kuchukua nafasi ya haidroksidi. Mifupa ikichomwa kwa moto mkali kupita kiasi, fuwele hukua, uso hupungua, na mkaa hupoteza uwezo wa kushika floraidi. Fomula haijabadilika, kilichobadilika ni ukubwa.

Kuna faida ya pili, nayo ni nguvu. Mwaka 1921 A. A. Griffith alieleza kwamba vitu kama kioo huvunjika kwa sababu ya nyufa ndogo zilizomo ndani yake, na ufa ukiwa mrefu zaidi unahitaji nguvu ndogo zaidi kuusambaza. Sasa fikiri: ndani ya fuwele yenye unene wa nanomita 3, ufa hauwezi kuzidi nanomita 3. Mwaka 2003 Huajian Gao na wenzake walipiga hesabu wakaona kwamba kwenye madini kama ya mfupa, chini ya nanomita 30 hivi, ufa huacha kuwa tishio; kipande hubeba mzigo karibu sawa na kile kisicho na ufa wowote. Kwa hiyo fuwele ya mfupa imewekewa mpaka, na udogo huo ndio unaoilinda.

Kuziumba: chokaa, asidi na subira

Njia iliyo rahisi kueleweka hutumia vitu viwili: chokaa iliyozimwa, Ca(OH)2, na asidi ya fosforiki, H3PO4. Moli 10 za chokaa zikikutana na moli 6 za asidi hutoa moli 1 ya haidroksiapataiti na moli 18 za maji. Kwa mizani ya maabara, gramu 74.1 za chokaa na gramu 58.8 za asidi hutoa gramu 100.5 za haidroksiapataiti na gramu 32.4 za maji. Jumlisha pande zote mbili: gramu 132.9 kila upande. Uzuri wa njia hii ni kwamba kisichotakiwa ni maji tu, hakuna chumvi ya kuosha. Njia nyingine hutumia kalsiamu naitreti na amoniamu fosfati. Vitu hivyo huyeyuka vizuri zaidi, lakini huacha amoniamu naitreti ambayo lazima ioshwe mpaka iishe.

Kwanza chokaa hukorogwa ndani ya maji yaliyochemshwa. Maji huchemshwa ili kufukuza kaboni dioksaidi, kwa sababu gesi hiyo ikiingia hugeuka kaboneti na kujipenyeza ndani ya fuwele. Kisha asidi hudondoshwa tone kwa tone huku mchanganyiko ukikorogwa bila kukoma. Kwa nini tone kwa tone, na kwa nini asidi iifuate chokaa badala ya chokaa kuifuata asidi? Sababu iko kwenye fosfati. Katika mazingira yenye asidi, fosfati hubeba haidrojeni moja au mbili mgongoni, na fosfati ya namna hiyo hujenga madini mengine yenye kalsiamu pungufu, ambayo uwiano wake ni 1 badala ya 1.67. Mchanganyiko ukibaki juu ya pH 9 wakati wote, haidroksiapataiti ndiyo inayopendelewa. Kila tone la asidi huivuta pH chini, kwa hiyo mtengenezaji hukaa macho juu ya kipimo chake mpaka tone la mwisho.

Nini hutokea tone linapoanguka? Ioni za kalsiamu na fosfati zinakuwa nyingi kuliko maji yanavyoweza kuzibeba, zinaanza kushikana katika vishada. Mwaka 1975 Aaron Posner na mwenzake Foster Betts walipendekeza kwamba kishada cha mwanzo kina kalsiamu 9 na fosfati 6, na upana usiofika nanomita 1. Vishada hivyo hurundikana bila mpangilio, kisha polepole hujipanga kuwa fuwele.

Kila kishada kina mapato na matumizi ya nishati. Ioni zinaposhikana ndani, nishati inatolewa, na kiasi chake kinafuata ujazo, yaani upana mara upana mara upana. Lakini kutengeneza uso kunagharimu nishati, na gharama hiyo inafuata eneo, yaani upana mara upana. Kishada kikiwa kidogo, gharama ya uso inazidi, nacho kinasambaratika na kurudi majini. Kikivuka ukubwa fulani, pato la ndani linashinda, na kuanzia hapo kila ioni inayoongezeka inakisaidia kukua. Kuvuka mpaka huo ndiko kuzaliwa kwa fuwele.

Hapo ndipo penye usukani wa mtengenezaji. Ioni zikijazana majini kwa ghafla, fuwele nyingi mno huzaliwa kwa pamoja, zikagawana kilichopo, na kila moja hubaki ndogo. Ioni zikiwa chache, fuwele chache huzaliwa na kukua kubwa. Haidroksiapataiti huyeyuka kidogo sana katika maji, hivyo ioni chache tu zinatosha kuvuka mpaka. Kwa sababu hiyo madini haya huwa tayari kutoka yakiwa ya nanomita. Kazi ngumu ni kuyazuia yasiendelee kukua.

Maana ukiyaacha, yataendelea. Fuwele ndogo huyeyuka kwa wepesi kuliko kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ioni zake ziko usoni. Kinachoyeyuka kutoka kwa ndogo hujibandika kwa kubwa. Tabia hii ilichunguzwa na Wilhelm Ostwald, na ndiyo inayotokea mchanganyiko unapoachwa ukomae usiku kucha: wadogo wanapungua, wakubwa wanaongezeka, mpangilio wa atomi unanyooka. Ukomazaji una faida, lakini muda wake lazima upangwe.

Mwili una breki yake wenyewe. Mwaka 2010 Hu, Rawal na Schmidt-Rohr walionyesha kwamba sitreti, ioni inayotokana na asidi ileile ya ndimu na malimao, imejibandika imara juu ya fuwele za mfupa na kufunika kama sehemu moja ya sita ya uso wake. Mahali palipokaliwa na sitreti, ioni mpya hazipati pa kushika, na unene wa fuwele unabaki palepale. Watengenezaji hufuata njia hiyohiyo: huongeza sitreti au polima fulani wakati wa kuchanganya, na fuwele zinatoka ndogo zaidi na zenye kulingana zaidi. Wanaotaka vijiti virefu hufanya kinyume: huufungia mchanganyiko ndani ya chombo cha chuma kisichovuja na kuupasha nyuzijoto 150 hadi 200 za Selsiasi. Chini ya mvuke na shinikizo hilo fuwele hukua kwa kufuata kimo cha kizio, zikawa ndefu na zilizonyooka.

Baada ya hapo mashapo huoshwa na kukaushwa, na hapa kazi nzuri nyingi huharibika. Maji yanapokauka katikati ya fuwele mbili, mvutano wa uso wa maji huzivuta zigusane, na zikishagusana hushikana kuwa donge. Kuosha mara ya mwisho kwa ethanoli, ambayo mvutano wake ni mdogo, au kukausha kwa kugandisha, hupunguza madonge hayo.

Hatua ya mwisho, kwa matumizi yanayoihitaji, ni tanuri. Joto hunyoosha mpangilio wa atomi, lakini pia hukuza fuwele, na likiwa kali sana huziunganisha kuwa kipande kimoja kigumu. Joto pia hufichua siri za mapishi. Kama uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi ulikuwa chini ya 1.67, sehemu ya unga hugeuka kuwa kalsiamu fosfati ya aina nyingine, inayoyeyuka kwa kasi zaidi mwilini. Kama ulikuwa juu ya 1.67, kalsiamu iliyozidi hubaki kama chokaa hai, CaO. Hiyo ikikutana na maji huvimba, hupasua kipande, na huyafanya maji ya jirani kuwa makali kwa seli.

Kuzipima: mashahidi wasiosikilizana

Unga mweupe umekauka. Kwa macho hautofautiani na chokaa ya ukutani. Hata hadubini ya kawaida haisaidii: mwanga tunaouona una urefu wa wimbi wa nanomita 400 hadi 700, na Ernst Abbe alikwishaonyesha mwaka 1873 kwamba vitu vilivyokaribiana chini ya kama nusu ya wimbi huonekana kitu kimoja. Kwa hiyo tunahitaji mashahidi wengine, kila mmoja akijibu swali lake bila kusikia wenzake wamesema nini.

Shahidi wa kwanza ni eksirei. Zile zinazotumika maabara nyingi, zinazotoka kwenye shaba, zina urefu wa wimbi wa nanomita 0.154, unaokaribiana na nafasi kati ya atomi. Eksirei ikiipiga fuwele, sehemu yake hurudishwa na tabaka la kwanza la atomi, na sehemu nyingine na tabaka la pili. Ile ya pili imesafiri njia ndefu zaidi. Ziada hiyo ikiwa sawa na wimbi zima, mawimbi mawili hutoka yakiwa sambamba na hutiana nguvu; isipokuwa hivyo, hufutana. Bragg baba na mwana waliliandika jambo hili mwaka 1913, nλ = 2d sin θ, na likawapa Tuzo ya Nobel mwaka 1915.

Tuijaribu. Katika kizio chetu chenye kimo cha nanomita 0.688, kuna tabaka zinazojirudia kila nusu ya kimo, yaani nanomita 0.344. Gawanya 0.154 kwa mara mbili ya 0.344 upate 0.224, pembe yenye sini hiyo ni digrii 12.9. Kwa kuwa mashine husoma mara mbili ya pembe, tunatarajia kilele kwenye digrii 25.9. Haidroksiapataiti kweli ina kilele hapo, na vingine vikubwa vitatu karibu na digrii 31.8, 32.2 na 32.9. Kikijitokeza kilele kwenye digrii 31.0, kuna ile fosfati nyingine. Kikijitokeza kwenye 37.4, kuna chokaa hai. Hivyo eksirei inajibu swali: hiki ni nini?

Inajibu na la pili: ni kikubwa kiasi gani? Chukua pembe iliyokosea kidogo tu. Wimbi la tabaka la pili linachelewa kidogo nyuma ya la kwanza, la tatu linachelewa zaidi kidogo. Kama tabaka ni maelfu, basi mahali fulani chini kuna tabaka lililochelewa nusu wimbi kamili, nalo linalifuta la kwanza. Lililo chini yake linalifuta la pili, na kuendelea. Mwanga unazimika, na kilele kinakuwa chembamba. Fuwele ikiwa na tabaka chache, halipo la kufuta, kwa hiyo kilele kinatanuka. Mwaka 1918 Paul Scherrer aligeuza hoja hii kuwa hesabu: ukubwa ni 0.9 mara urefu wa wimbi, ugawanywe kwa upana wa kilele na kosini ya pembe. Kilele cha digrii 25.9 kikiwa na upana wa digrii 0.4, yaani radiani 0.007, jibu ni nanomita 20 hivi, sawa na tabaka 58. Upana huo upimwe katikati ya kimo cha kilele, na utanuzi unaosababishwa na mashine yenyewe uondolewe kwanza, la sivyo fuwele itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Shahidi wa pili ni miale ya infraredi. Vifungo kati ya atomi hutikisika kwa mwendo wake maalumu, na kila mwendo humeza miale yake. Fosfati humeza miale karibu na mawimbi 1,030 na 560 hadi 600 kwa sentimita. Haidroksidi karibu na 3,570 na 630. Kaboneti karibu na 1,420 hadi 1,450 na 870. Kaboneti ikijitokeza wakati hukuitaka, ujue hewa iliingia.

Shahidi wa tatu ni hadubini ya elektroni, iliyoasisiwa Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska na Max Knoll. Elektroni zinazosukumwa kwa volti 200,000 zina urefu wa wimbi wa nanomita 0.0025, kwa hiyo fuwele zetu zinaonekana wazi: sindano, kijiti, kibamba au punje. Udhaifu wake ni kwamba inaonyesha punje mamia tu kati ya matrilioni. Anayechagua picha moja nzuri na kuacha tisa zisizopendeza amejidanganya mwenyewe.

Shahidi wa nne hupima uso. Brunauer, Emmett na Teller walieleza mwaka 1938 jinsi ya kuufunika unga kwa naitrojeni kwenye baridi ya nyuzijoto −196. Kila molekuli hukalia nanomita 0.162 za mraba; ukijua ni ngapi zilizotosha kufunika tabaka moja, unajua eneo lote. Unga wenye mita za mraba 95 kwa gramu, ukiuchukulia kuwa ni punje za duara zenye msongamano wa 3.16, una punje za nanomita 20. Eksirei ilitupa 20, na naitrojeni imetupa 20. Mashahidi wawili waliopita njia tofauti kabisa wamekubaliana, hapo tunaweza kuamini.

Wasipokubaliana, tofauti yao ni habari. Tuseme kilele cha digrii 25.9 kinatoa nanomita 40 na kile cha 32.9 kinatoa 15: fuwele ni ndefu upande mmoja, na hadubini itathibitisha. Tuseme naitrojeni inadai punje ya nanomita 60 na eksirei inadai 20: fuwele zimeshikana, na nyuso zilizogusana zimejificha. Tuseme punje zikielea majini zinapimwa nanomita 800: kinachoogelea humo ni madonge, na seli itakutana na donge, haitakutana na fuwele ya nanomita 20 iliyoandikwa kwenye ripoti.

Mpaka mwilini

Vipimo hivyo vyote havijagusa mwili bado. Mwaka 1990 Tadashi Kokubo wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake walitoa majimaji yenye ioni zinazokaribiana na zile za plazima ya damu, yenye pH 7.4. Kitu kikilazwa humo na apataiti mpya ikaota juu yake, kuna tumaini kwamba mfupa nao utakishika. Ni dalili tu. Baada yake huja seli, wanyama, na hatimaye binadamu.

Mwaka 1985 Ronald Furlong alianza London kuwawekea wagonjwa nyonga bandia za metali zilizovikwa haidroksiapataiti, ili mfupa ushikane na kipandikizi bila saruji. Vazi hilo hupulizwa kwa mwali wa plazima ya gesi, si ile ya damu, wenye joto kali mno, na baadhi ya punje huyeyuka zikaganda bila mpangilio, zikawa nyepesi kuyeyuka mwilini. Kwa hiyo kupima unga hakutoshi. Vazi nalo lipimwe likiwa tayari juu ya metali.

Kwenye meno, kampuni ya Sangi ya Japani ilianza mwaka 1980 kuuza dawa ya meno yenye haidroksiapataiti. Jino huanza kupoteza madini pH ya kinywa inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na fuwele ndogo huweza kujibandika kwenye vidonda vidogo vya jino na kutoa kalsiamu na fosfati. Lakini umbo lilizua swali: mwaka 2015 kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia usalama wa watumiaji ilionya kuhusu fuwele zenye umbo la sindano, na miaka iliyofuata ikakubali, kwa viwango maalumu, zile zenye umbo la vijiti vifupi. Madini ni yaleyale na fomula ni ileile. Umbo ndilo lililoamua.

Kuna mipaka ambayo mpimaji hapaswi kuificha. Haidroksiapataiti peke yake, bila kolajeni, huvunjika upesi. Haifai kubeba uzito wa mwili kwenye mfupa wa paja. Inafaa kujaza pengo, kuvika metali, kuchanganywa na polima au kolajeni. Na kama malighafi ni mifupa ya ng'ombe, maganda ya mayai au mwamba, metali nzito hupimwa kabla ya kitu kingine. Viwango vya kimataifa vya vipandikizi huruhusu risasi isiyozidi miligramu 30 kwa kilo na aseniki isiyozidi 3.

Si kila kipimo kinahitaji mashine ya gharama kubwa. Chokaa na asidi hupatikana, na mizani, kipimo cha pH na tanuri vipo katika maabara nyingi za vyuo vyetu. Choma gramu chache za unga kwa nyuzijoto 1,000, uziache zipoe, uzitie maji na tone la finolftalini. Rangi ya waridi ikijitokeza, kuna chokaa iliyozidi, na uwiano ulivuka 1.67. Mwanafunzi aliyefanya jaribio hilo na kuandika alichokiona ameshajua zaidi kuhusu unga wake kuliko aliyeandika fomula tu kwenye chupa. Kisha apeleke sampuli zake kwenye eksirei na hadubini akiwa na maswali yaliyopangwa: ni nini, ni kikubwa kiasi gani, kina umbo gani, kimeshikana au kimeachana, kimebeba kitu gani kisichotakiwa?

Maswali hayo yajibiwe yote, na majibu yaandikwe hata yanapopingana. Atakayewekewa unga huo ndani ya taya au nyonga ataishi nao kwa miaka, na hana namna ya kuupima mwenyewe.